Susu Halishuki Mpaka Mtoto Abishe

Kwa kina Haugland, susu la mtoto, kile kitanda chake cha kubembea, halishuki darini mpaka mtoto mwenyewe abishe hodi. Ndiyo sheria. Nani aliitunga, hakuna anayejua. Anayeilinda ndiye anajulikana: Mama Ardis, mke wa Mzee Verlyn, mwanamke mfupi mwenye mikono ya mwanamieleka. Alizaa wavulana wanne, na kila mmoja alimngojea apige teke kwanza ndipo akamtuma mumewe apande ngazi. Anasema ukilishusha kabla, mtoto anakuwa mvivu. "Utamtandikiaje mtu kitanda hata hajasema kama anakuja? Si atalala tu hukohuko alipo!"

Sasa Kaia, mke wa Soren aliye kitinda mimba wa nyumba hiyo, alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeanza kuumuka kama unga wa maandazi. Na mimba haiangalii msimu. Mwezi wa tano wa mimba ukaangukia Oktoba, mwezi ambao upande wetu huu wa Minnesota hakuna anayelala vizuri, hakuna anayekula mezani, hata wachumba wanaambiwa wasubiri. Viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani, lazima vitoke ardhini kabla ardhi haijaganda. Kiwanda kikishafungua, malori hayalali, ni zamu kwa zamu, na Kaia alikuwa dereva wa zamu ya mchana.

"Mimi nilimbeba Soren nikiendesha lori hilihili," Mama Ardis alimwambia, "na angalia alivyotoka."

Kaia akamwangalia Soren, ambaye muda huo alikuwa ananusa soksi kujua kama inafaa kuvaliwa tena. "Nimeona, Mama," akasema.

Basi siku ya kwanza ya mavuno, Kaia yuko shambani, lori linatembea sambamba na mashine ya kung'olea, viazi vinamwagika nyuma kwa kishindo, akaingiza gia ya tatu, na hapo hapo akasikia: du! Chini ya kitovu, kwa pembeni kidogo. Akatulia. Du, du! Moyo ukamruka. Akaikamata redio ya lori, na redio zetu hizi hazina siri, ukikohoa bonde lote linakwambia pole.

"Soren! Amecheza! Mtoto amecheza!"

Weee! Redio ikawaka moto. Madereva wasiomjua wakampongeza. Chayo, mama wa watoto wanne anayepanda kutoka Texas kila msimu kuendesha lori la pili la kina Haugland, akapiga kigelegele mpaka redio ikakoroma. "Hongera, binti! Huyo kaona foleni ya malori kaanza kugombana humohumo!" Halafu ikaja sauti ambayo haijawahi kusikika kwenye redio hiyo. Mzee Verlyn. Ni mtu ambaye akikohoa mbwa anainua kichwa kwa mshangao. "Nimesikia," akasema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Jioni ile ile susu likashuka. La mbao nyeusi, limechongwa maua pembeni, linanuka vumbi na panya wa miaka yote. Majirani wakapita kulitazama, wakala chapati za viazi zilizopakwa siagi na sukari, wakalisukuma kwa kidole libembee. Mama Ardis alikaa kando yake kama aliyelichonga yeye.

Na Kaia akaanza kuishi na mwanawe. Akampa jina la utani, Karanga. Asubuhi akiwasha lori anamsalimia, "Umeamkaje, Karanga?" Kimya. Gia ya kwanza, kimya. Gia ya pili, anajinyoosha. Gia ya tatu: du, du, du! Akamwambia habari za baba yake. Akamwimbia. Akamuuliza kama anapenda supu au viazi vya kuponda, na kwa supu akajibiwa mateke mawili, kwa viazi vya kuponda matatu.

"Mtoto anapenda kazi," Mama Ardis alitangaza kanisani. "Damu hiyo."

Ikafika siku ya kliniki. Soren akachukua lori la mkewe, Mzee Verlyn akachukua mashine, na Mama Ardis akampeleka mkwe wake kwa pikapu. Nesi akampaka mafuta ya baridi tumboni, akapima, wakasikiliza moyo ukienda mbio kama farasi mdogo. Kila kitu salama. "Anacheza?" nesi akauliza.

"Anacheza? Huyu ni mpira wa miguu! Hasa gia ya tatu."

Nesi akainua nyusi. "Gia ya tatu?" Akaangalia tena picha yake. Akasema kondo la nyuma la Kaia limekaa mbele. Kwa nini liitwe la nyuma nalo limekaa mbele, waulize waliolipa jina. Ila limekaa kama mto kati ya mtoto na ngozi ya tumbo, na wenye hali hiyo kwa kawaida huchelewa kumsikia mtoto. "Lakini kama wewe umeshamsikia," akasema, "una bahati."

"Ana bahati," Mama Ardis akaitikia, kifua mbele.

Wakarudi. Wako nusu ya njia, mashamba huku na huku, redio ya pikapu ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Soren, ya chini, ya mtu mwenye jambo zito.

"Jamani. Sijui nisemeje. Nadhani na mimi nina mimba."

Kisha Chayo: "Pole, baba. Ya miezi mingapi?"

"Sijui, dada. Ila anapiga teke. Hapa chini ya kitovu, kwa pembeni kidogo. Nikiingiza gia ya tatu tu, du!"

"Na aliyekupa mimba ni nani?"

"Aliyenipa ni lori." Akasita. "Kaia, mke wangu, kama uko karibu na redio, samahani sana. Mtoto wetu ni springi ya kiti."

Bonde lilicheka, nakwambia. Watu walisimamisha mashine wacheke vizuri. Ndani ya pikapu hakuna aliyecheka. Mama Ardis alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele, mpaka akaingia uani, akazima injini, akaikamata redio.

"Verlyn! Susu lirudi juu!"

Jioni Mzee akapanda ngazi na susu begani, na kule juu akagonga kichwa kwenye boriti. Alisema neno moja ambalo kanisani halisemwi.

Kuanzia hapo utani ukawa chakula cha wote. Kaia akifika mzanini, mpima uzito anachungulia dirishani, "Springi haijambo?" Mtu asiyejulikana alining'iniza soksi ya mtoto kwenye kioo cha pembeni cha lori. Chayo ndiye alikuwa hatari zaidi, maana hakumtania Kaia, alimtania Soren. Wakiwa kwenye foleni anashuka, anamletea kachumbari ya matango. "Kula, mama kijacho. Usibebe vitu vizito. Miguu haijavimba? Hebu nione." Soren naye anajishika kiuno, anatembea kama bata. Na Kaia alicheka kuliko wote. Watu wakasema, yule binti ana roho nzuri.

Lakini ukicheka na watu kutwa, jioni ukivua buti, kicheko kinabaki nazo mlangoni. Kaia alikaa ukingoni mwa kitanda, akafungua vifungo vya shati, akajitazama tumbo. Siku zote zile alikuwa anamsimulia maisha yake kipande cha chuma. Sawa, hiyo anaimeza. Ila kama yule hakuwa Karanga, basi Karanga mwenyewe hajasema kitu. Moyo kausikia, ndiyo, lakini kwa mashine ya nesi, kama habari za mtu unazoletewa na mtu mwingine. Alitaka kumsikia mwenyewe.

"Karanga," akanong'ona. "Wewe wa kweli. Upo?"

Kitanda kikatetemeka. Akashika tumbo haraka. Kumbe ni lori linapita barabarani.

Soren akaingia, utani mwingine tayari mdomoni, akamwona alivyokaa. "Umenuna? Ni sababu ya redio?"

"Sijanuna. Utani nauweza. Soren, kama ile ilikuwa springi, basi mtoto hajacheza. Hajacheza hata siku moja."

Soren akaumeza ule utani, ukashuka kwa shida. Akakaa kando yake. "Nesi si kasema kuna mto mbele?"

"Kasema. Akili inajua. Mwambie na huyu," akajigusa kifua, "yeye hajui."

Akapiga simu kliniki kesho yake. Nesi akamwambia kwa upole aje wakati wowote akipata wasiwasi, ila moyo ulikuwa mzuri, asijitese. "Tafuta mahali patulivu, lala ubavu wa kushoto, usikilize."

Mahali patulivu! Oktoba! Nyumba iko kando ya barabara ya malori, vikombe vinagongana kabatini saa zote, sakafu inacheza, kiti kinacheza, kijiko kinacheza ndani ya kikombe. Kila kitu bonde hili lilikuwa na mimba isipokuwa yeye. Na akitoka zamu, analala na tonge mdomoni. Soren alitaka kuikaza ile springi, Mama Ardis akamkataza, maana wakati wa mavuno kitu ambacho hakijasimama hakitengenezwi. Kwa hiyo iliendelea kumpiga Kaia kila siku gia ya tatu, du, du, kama mtu anayekucheka kwa nyuma.

"Mdanganye Mama tu," Soren akashauri. "Sema umemsikia. Atakuacha."

Asubuhi, jikoni, Mama Ardis akauliza swali lake la kila siku. "Amebisha?"

Kaia akageuza yai kwa uma. "Nadhani."

"Garini au nje ya gari?"

"Garini."

"Mm," Mama Ardis akasema. "Kula yai."

Halafu likaja jua. Sehemu nyingine watu wanaliomba. Kwetu Oktoba ukilisifia jua utapigwa. Asubuhi ilianza kama kawaida, na mchana watu wakavua makoti, wakavua sweta, inzi wakarudi kutoka walikokuwa wamejificha. Mzee Verlyn alichomeka kipimajoto katikati ya kiazi, akakitazama, akatikisa kichwa. Kiazi kikirundikwa na joto lake kinaoza kuanzia ndani, kama mtu mwenye kinyongo, na kinaambukiza lundo lote. Haikuchukua muda redio ikasema, kwa sauti ya kiwanda, kavu: "Viazi vina moto. Acheni kung'oa. Tutawaita."

Watu walilitukana jua kama mkwe mlevi. Lakini amri ni amri. Mashine ikakohoa, ikazima. Lori la Chayo likazima. Lori la Kaia. Shamba la jirani, la ng'ambo ya barabara, la kule mbali kwenye miti, moja moja kama taa zinavyozimwa. Kukawa kimya cha kuumiza masikio.

Chayo akakunjua turubai la lori ukingoni mwa shamba, kwenye nyasi. "Lala, binti. Muda wa kulala ukija bure usiuulize umetoka wapi." Akamgeukia Soren. "Na wewe lala, kwa hali yako hiyo usisimame juani."

"Ubavu gani, dada?"

"Wowote, springi haichagui."

Akaenda kujilaza ndani ya lori lake. Soren alilala kabla kichwa hakijagusa turubai, akaanza kukoroma. Kaia akalala ubavu wa kushoto. Hatua chache kutoka pale, Mzee Verlyn alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamenya kiazi kwa kisu cha mfukoni, bila sababu, ili mikono isikae bure.

Jua likampasha mgongo. Usingizi ukaanza kumvuta.

Ndipo kikapita kitu.

Hakikuwa du. Hakikuwa teke. Umeshawahi kuona kope inavyocheza yenyewe, hukuituma, hujui itakoma lini? Vile. Ila huko chini, ndani, upande wa ndani kabisa ambao hakujua kama una mtu.

Kaia hakupiga kelele. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akapapasa mfukoni: funguo za lori anazo. Akafikiria. Soren anakoroma, huenda ni yeye, anatikisa ardhi. Akambana pua. Soren akakabwa, akameza hewa, akanyamaza.

Kope ikacheza tena.

"Baba," Kaia akaita polepole, kama vile akiongeza sauti kitaruka.

Mzee akamtazama.

"Kuna injini inawaka?"

"Hapana."

"Hata ya jirani? Hata ya mbali?"

Mzee Verlyn aliacha kumenya. Akageuza kichwa kulia, akasikiliza. Akageuza kushoto, akasikiliza. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Bonde lote limezima," akasema.

Basi Kaia akaweka mkono palepale, na machozi yakamtoka kwa pembeni, yakapita juu ya pua yakaingia kwenye turubai. Alikuwa anacheka pia. "Kumbe ndiyo wewe," akamwambia. "Kumbe una adabu hivi. Na mimi nilikuwa nazungumza na yule mhuni."

Mzee akamtazama uso, akatazama mkono ulipo. Akakunja kisu. Akasimama, akaipiga ndoo teke isimame wima, akaelekea nyumbani bila neno.

Kaia alipomwamsha Soren na wakamfuata, walikuta vita jikoni. Mzee ameshika ngazi, Mama Ardis amesimama mlangoni na mwiko.

"Ngazi ya nini saa hizi?"

"Susu."

"Nani kasema?"

Mzee akaelekeza kidole kwa Kaia.

"Eti mkwe?"

"Amecheza, Mama. Nje ya gari."

"Hata springi ilisema hivyohivyo." Lakini mwiko ulikuwa umeshuka kidogo. "Kaa hapo kwenye kiti. Susu hili halipandi na kushuka kama lifti."

Akaanza kazi. Akachomoa waya wa friji, likaguna likafa. Akashika mguu unaobembea wa saa ya ukutani, ukaacha kucheza. Akamtoa mbwa nje. "Soren, usipumulie pua, inapiga filimbi." Soren akafungua mdomo kama samaki. Ndipo akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka ule mkono wa mwanamieleka kwenye tumbo la mkwewe, akafumba macho.

Wakangoja. Mbwa akakwaruza mlango, akaacha.

"Huyo!" Kaia akasema.

"Sijasikia kitu."

"Amecheza, Mama. Sasa hivi."

"Mkono huu umewajua ndama kabla ng'ombe hajawajua. Hakuna kitu."

"Kuna ule mto mbele. Bado hafiki kwako." Kaia alijua susu linaweza kubaki kule juu mpaka baridi kali, na kila asubuhi ataulizwa akila yai. Hakuona tena sababu ya kudanganya, wala ya kuogopa. "Mlango wa kwanza ni mimi, Mama. Anabisha kwangu. Ukitaka nikwambie sivyo, sitasema."

Mama Ardis akafumbua macho amjibu, lakini wakati uleule Kaia aliacha kumsikiliza. Macho yalishuka, mdomo ukafunga kwa kicheko kilichobanwa, kama mtu aliyenong'onezwa jambo mbele ya watu na hawezi kulisema. Hiyo sura haiigizwi. Mama Ardis aliijua. Aliwahi kuivaa mwenyewe mara nne, na ya mwisho ilikuwa kando ya barabara, lori limezimwa, mlango wazi, viazi vinangoja.

Akautoa mkono taratibu. Akajifuta macho kwa aproni, ingawa hakukuwa na kitunguu jikoni wala moshi.

"Anapiga kidogo hivyo?" akauliza, sauti nyingine kabisa.

"Kidogo sana, Mama."

"Soren naye alianza hivyo. Mpole. Halafu akaharibika." Akasimama, magoti yakalia, akapanga aproni. "Verlyn, umesimama hapo na ngazi kama nani? Panda. Na leo chunga kichwa."

Mzee akapanda. Wakasikia nyayo darini, susu likiburutwa, kisha kishindo, kisha lile neno.

Kesho yake kukapoa, kiwanda kikaita, na alfajiri bonde likaanza kutetemeka tena, vikombe kabatini, vioo madirishani. Kaia akapanda lorini, soksi ya mtoto bado inaning'inia kwenye kioo. Hakutangaza kitu redioni. Akawasha, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini ya kiti ikaja: du, du, du!

"Siyo wewe," akaiambia. "Wewe endelea na kazi yako."